Sifa za Mjerumani Anayekujibu kwa Kiingereza

Washairi wetu wamemsifu mama, wakamsifu mwalimu, wakamsifu hata punda. Mfadhili mmoja wamemruka, sijui kwa nini, na ni haki leo apewe chake. Huyu ni yule Mjerumani ambaye ukimsemesha kwa Kijerumani, yeye hukujibu kwa Kiingereza.

Yuko Berlin, yuko Hamburg, yuko Frankfurt na Munich. Utamkuta kwenye kaunta ya mkahawa, dirisha la benki, duka la simu na mapokezi ya hoteli. Hana ubaguzi wa kabila wala dini. Anachopima ni lafudhi tu, na kipimo chake ni kikali: "r" moja ikitetemeshwa kwa ncha ya ulimi, jinsi tulivyoinyonya kwa mama zetu, papo hapo yeye ameshahamia Kiingereza na wewe umebaki peke yako kwenye Kijerumani.

Ili uujue uzito wa wema wake, ujue kwanza mzigo anaokutua. Serikali yake ina kiu kubwa ya kusikia wageni wakisema Kijerumani. Tangu 2007, mke au mume anayemfuata mwenzake Ujerumani hutakiwa, ukiacha waliosamehewa, kuonyesha cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya chini kabisa, kabla ya kupewa viza. Ndiyo maana madarasa ya Goethe-Institut, Nairobi na Dar es Salaam, hayakosi bibi harusi anayekariri vitenzi. Akishafika, anaingizwa kwenye kozi ya utangamano iliyoanzishwa mwaka 2005: vipindi 600 vya lugha, dakika 45 kila kimoja, na vingine 100 vya historia, sheria na desturi za nchi. Mwisho wa safari hiyo ni ngazi ya B1. Anayetaka uraia ataulizwa cheti cha ngazi hiyo hiyo, pamoja na mtihani wa maswali 33 ambao lazima apate angalau 17. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kwa kawaida hudaiwa B2. Na ofisini, sheria ya taratibu za utawala imeandika bila kuzunguka kwamba lugha ya kazi ni Kijerumani, kwa hiyo barua zote za kibali, kodi na bima zinakuja kwa lugha hiyo, tena ile ya kwenye suti na tai.

Nchi nzima, basi, inakuambia: sema Kijerumani. Ni raia wake peke yake anayesimama upande wako na kukuambia: usijisumbue.

Mtazame akiwa kazini. Asubuhi ya Berlin, duka la mikate la mtaani, foleni ya watu wanne. Wa mwisho ni mwanafunzi kutoka Morogoro. Ndani ya treni ya chini ya ardhi amekuwa akiirudia sentensi yake kimoyomoyo: "Ich hätte gern zwei Brötchen und ein Roggenbrot, bitte." Anaomba mikate midogo miwili na mkubwa mmoja wa shayiri nyeusi, kwa adabu zote, maana darasani ameonywa kwamba "nataka" ni ya watoto na majambazi. Zamu yake inafika. Anaitamka sentensi, na inatoka nzima, kila neno na mahali pake.

Msichana wa kaunta anamtazama kwa upole na kumuuliza, kwa Kiingereza, kama mkate ukatwe vipande.

Mwanafunzi anajibu kwa Kijerumani: ndiyo, ukatwe tafadhali. Msichana anamtajia bei kwa Kiingereza. Mwanafunzi anahesabu sarafu kwa sauti, kwa Kijerumani, ili ushahidi uwepo. Msichana anamuuliza kwa Kiingereza kama anaitaka risiti, kwa sababu tangu Januari 2020 sheria inamlazimu kuitoa hata kwa andazi moja. Mwanafunzi anashukuru kwa Kijerumani, anamtakia siku njema kwa Kijerumani, anageuka kuondoka. Hapo ndipo msichana anapomalizia wema wake. Anamwambia kwamba Kijerumani chake ni kizuri mno. Anamwambia kwa Kiingereza.

Wako wenye roho nyepesi wanaotoka dukani hapo wamenuna. Hawajui kuhesabu neema. Mimi nitawahesabia.

Neema ya kwanza ni heshima ya Kiingereza chetu. Sisi tuliosoma Tanzania tunakumbuka tulivyofundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza tukakuta baiolojia, jiografia na hesabu zimegeuka Kiingereza usiku mmoja. Tukavuka kwa kukariri. Jirani zetu Wakenya wana wazee wanaokumbuka kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani uwanjani. Tangu hapo Kiingereza kimekuwa deni tusilomaliza kulilipa: mwajiri anakicheka, mtangazaji wa redio anakisahihisha, shemeji aliyesoma shule ya kulipia anakirudia kwa sauti mezani ili wote wakisikie. Halafu unatua Berlin, na Mjerumani mwenye shahada mbili anakuinamia na kukuomba radhi kwamba Kiingereza chake si kizuri. Anakuomba radhi wewe! Ameshaamua kuwa hiyo ndiyo lugha uliyozaliwa nayo. Katika maisha yako yote hakuna aliyewahi kukupa cheo hicho, na yeye amekupa bure, bila mtihani, kwenye kaunta ya maandazi. Ukimwambia kwamba lugha yako ni Kiswahili, anafurahi sana, anakuuliza kama kina maandishi, na anakuuliza kwa Kiingereza.

Neema ya pili inamhusu yeye mwenyewe, na hapa msemo wetu wa mgeni njoo mwenyeji apone unathibitika. Mjerumani wa leo ameanza kusoma Kiingereza tangu shule ya msingi, mara nyingi darasa la tatu. Lakini sinema za Hollywood anazoonyeshwa kwenye televisheni zimetiwa sauti za Kijerumani, hata ng'ombe wa Texas wanaswagwa kwa Kijerumani safi. Miaka imepita, sarufi imejaa kichwani, na hana wa kumsemesha. Hapo ndipo unapoingia wewe, umetoka Morogoro, unanukia uvumilivu. Chuo cha lugha cha London kingemtoza pesa nyingi kwa mazungumzo ambayo wewe unampa ukiwa unasubiri mkate ukatwe. Tusimnyime. Alituletea reli mpaka Kigoma. Na sisi tumfikishe walau kwenye wakati uliopita timilifu.

Neema ya tatu ndiyo kubwa, na inahitaji kuelezwa taratibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo umewaumiza wageni wengi. Siku ya tatu unaamka, unapewa jembe, unapelekwa shamba, na kuanzia hapo wewe ni mtu wa nyumbani: unalima, unagombezwa, unaulizwa maoni kuhusu mvua. Mjerumani huyu ni mpole zaidi ya wahenga. Jembe la nyumba yake ni Kijerumani, naye halitoi. Miaka mitatu, minne, kumi, bado umeketi sebuleni na kikombe cha chai, unasemeshwa kwa lugha ya wageni. Kwenye sherehe ya kazini watu wanane wanacheka kisa fulani. Unakaribia, na wote wanane wanahamia Kiingereza kwa pamoja. Kisa kinaanzwa upya kwa ajili yako, kikiwa kimepoa, na unasubiriwa ucheke. Usitilie shaka nia yao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kukuweka nje. Wamekufungulia mlango, na wao wote wametoka nje ili wawe pamoja nawe.

Neema ya nne ni marafiki wapya. Kwa kuwa mwenye lugha hakupi lugha yake, unalazimika kuifuata kwa waliowahi kuikosa. Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Uturuki mwaka 1961, na wajukuu wa waliokuja kwa mkataba ule ndio wanaouza bilinganya, bamia na kotimiri kwenye soko la Maybachufer pale Neukölln, Jumanne na Ijumaa. Nenda jioni, wakati bei zinaanguka. Muuzaji hana muda wa kupima lafudhi yako. Ana sanduku la maembe yanayoelekea kuoza na anataka liondoke. Anakupigia kelele kwa Kijerumani, unamrudishia kelele kwa Kijerumani, mnabishana, anakuongezea malimau mawili, na hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi. Kinyozi Msyria naye ni hivyo hivyo: yeye hana Kiingereza, wewe huna Kiarabu cha kutosha kuokoa nywele zako, kwa hiyo mnakutana katikati kwenye Kijerumani, kila mmoja na makosa yake, na kichwa kinapona. Hata mtihani wa B1 umelielewa jambo hili. Sehemu ya kuzungumza, watahiniwa wawili hukalishwa pamoja na kuambiwa wapange kitu, labda sherehe ya kumuaga mwalimu. Wewe wa Morogoro na mwenzio wa Aleppo mnapanga nani alete saladi na nani alete viti, kwa Kijerumani, na Wajerumani waliomo chumbani wameketi kimya wakiandika alama. Ni hapo tu utakapowapata Wajerumani wakusikilize hadi mwisho wa sentensi.

Si wote waliojaliwa wema huu. Haki inanitaka nitaje pia wenye roho ngumu.

Wa kwanza ni mpokea simu wa zahanati. Huyu hakuonei huruma hata chembe. Unapiga kuomba miadi, anakuuliza jina la ukoo, bima, tarehe ya kuzaliwa na ulipoanza kuumwa, yote kwa pumzi moja ya Kijerumani, na ukisita anarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Ukikata simu umeloa jasho, lakini unajua kusema "ubavu wa kushoto, tangu juzi" maisha yako yote. Wa pili ni mwangalizi wa jengo, yule mzee wa funguo nyingi, atakayekufuata hadi kwenye mapipa kukueleza kwa nini chupa ya kahawia haitupwi na ya kijani, na atakueleza kwa lahaja ya kwao. Wa tatu ni mtoto wa chekechea. Huyu ni mkatili kupita wote. Ukikosea jinsia ya kijiko atakusahihisha mbele ya wazazi wake, kisha atakungoja urudie, na hatakupa kijiko mpaka urudie sawasawa.

Wa nne anaishi mashariki, Leipzig, Dresden, Chemnitz, na umri wake umepita hamsini. Shule za Ujerumani Mashariki zilimfundisha Kirusi kwa lazima kuanzia darasa la tano, na Kiingereza kwa wengi wao kilikuwa cha ziada tu. Ukimsemesha kwa Kijerumani chako kibovu, hana pa kukimbilia. Kirusi chake amekisahau, Kiingereza hakupata. Atakaa nawe kwenye benchi la kituo cha tramu, atakisikiliza, atakivuta, atakuuliza ulikuwa unamaanisha nini, na ndani ya nusu saa mtakuwa mmezungumza bei ya viazi, goti lake na kiwanda kilichofungwa baada ya muungano wa 1990.

Ukali huu una historia, na imewagusa wazee wetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar na Ujerumani Mashariki zilikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na majengo ya ghorofa ya Kikwajuni yamebaki kuwa shahidi. Vijana wa Kiafrika waliopelekwa kusoma huko walianzia Leipzig, kwenye Herder-Institut, kusoma Kijerumani kabla ya kuruhusiwa kugusa uhandisi au udaktari. Nje ya darasa hawakukuta wa kuwaokoa. Dukani Kijerumani, bwenini Kijerumani, kwa fundi viatu Kijerumani. Hasara iliyowapata inaonekana hadi leo: wapo wazee waliostaafu ambao ukiwaamsha usiku wa manane watakusemesha Kijerumani kilichonyooka, na lafudhi ya Saksonia juu yake. Masikini, hawakuonjeshwa wema wa Berlin ya leo.

Nchini kwake mwenyewe mfadhili wetu hakosi mahasidi. Mwaka 2017 mwanasiasa Jens Spahn, aliyekuja kuwa waziri wa afya, alilalamika gazetini kwamba kwenye migahawa kadhaa ya Berlin wahudumu wanasema Kiingereza tu. Wajerumani wenyewe waligawanyika juu ya malalamiko hayo. Waliosahaulika kuulizwa ni wateja waliokuwa wamekaa mezani na sentensi zao tayari, wakingoja mtu wa kumwagizia supu kwa Kijerumani. Wangemuunga mkono kwa kauli moja, bila shaka kwa Kiingereza.

Matunda ya ukarimu huu huvunwa siku ya kurudi likizo nyumbani. Ukoo mzima umekusanyika, pilau limepakuliwa, shangazi anakuomba useme Kijerumani kidogo watoto wasikie. Unasema habari za asubuhi. Unasema asante. Unaagiza mikate midogo miwili na mmoja wa shayiri nyeusi, kwa adabu. Watoto wanangoja, na wewe umefika mwisho wa akiba. Lakini hebu simu iite kutoka kazini Berlin! Unatoka barazani, unazungumza Kiingereza cha kuteleza, cha mikutano na tarehe za mwisho, robo saa nzima bila kushika ukuta. Shangazi anawaambia majirani kwamba Ujerumani imemfunza mtoto wake. Ni kweli imemfunza. Alikwenda nchi ya Goethe, amerudi na lugha ya Shakespeare, na nauli ilikuwa ile ile.

Mambo haya sasa si ya wachache. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, na vijana wengi, wauguzi na mafundi, wanakaza kamba madarasani Nairobi, Mombasa na Kisumu wakipambana na jinsia za nomino, "der", "die" na "das". Nawasihi wasije wakamchukia mfadhili huyu watakapokutana naye. Wakitaka kumkwepa, njia zipo: wachague mji mdogo, wapange nyumba ya mwangalizi mkali, wakanunue mboga Maybachufer, waombe kulea watoto wa jirani Jumamosi. Na akiwajibu kwa Kiingereza, waendelee na Kijerumani chao bila kununa wala kupandisha sauti. Mara nyingi hukata tamaa yeye kabla yao.

Kuhusu deni la fadhila, tusione haya, maana ndugu zetu wa pwani wameshatulipia. Kwa miongo kadhaa Mjerumani amekuwa akija likizo Diani na Zanzibar na kitabu chake kidogo cha Kiswahili. Amejifunza hotelini usiku, ameirudia sentensi yake mbele ya kioo, anashuka ufukweni asubuhi na kusema "habari za asubuhi, naomba dafu". Kijana wa ufukweni anamtazama kwa upole na kumjibu kwa Kijerumani. Anamtajia bei kwa Kijerumani. Anamuuliza kwa Kijerumani kama ametoka Hamburg au Stuttgart, kwa sababu tofauti ya lafudhi anaisikia. Kisha anamsifu, kwa Kijerumani, kwamba Kiswahili chake ni kizuri mno.

Kijana huyo hajawahi kupanda ndege. Hana A1 wala B1, hajakaa kwenye kipindi hata kimoja kati ya vile 600. Alichopata ni Wajerumani wenye jua, muda na kiu, waliomsemesha kwa lugha yao mchana kutwa kwa sababu wakati ule yeye hakuwa na nyingine ya kuwapa zaidi ya Kiswahili. Kwa hiyo anayetaka Kiingereza kizuri, aende Berlin. Anayetaka Kijerumani, nauli ya Diani ni rahisi zaidi.